Mfuko Namba Ishirini na Saba

Soko la Jumamosi hapa mjini Plovdiv, mwezi wa nane, si mahali mtu anakwenda kutafuta mchumba. Unakwenda kununua pilipili hoho za kuchoma, unakanyagwa vidole, unarudi nyumbani umelowa jasho. Lakini Jumamosi hiyo Nevena alikuwa amevaa gauni lake la kijani, lile ambalo rafiki zake walisema linamfanya aonekane ana hela. Mbele yake kwenye foleni alisimama kijana mrefu, mabega mapana, kucha zina mafuta ya mashine, anapokea mifuko ya plastiki. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne!

Uzalendo ukamshinda. "Kaka, unanunua pilipili au unanunua mifuko?"

Kijana akageuka. Macho ya kahawia, ndevu za siku mbili. Nevena akajuta kidogo kwamba ameanza kwa ukali.

"Leo nimesahau kikapu," kijana alisema. "Kwa kawaida plastiki siigusi kabisa, dada yangu. Naichukia."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Jamani, msichana anasomea shahada ya uzamili ya uendelevu wa mazingira, halafu mwanamume mwenye macho kama yale anamwambia anachukia plastiki! Nevena alijiona ameokota dhahabu. Kijana aliitwa Svilen, fundi wa lifti katika maghorofa ya mtaa wa Trakia. Kahawa moja ikazaa ya pili, na kufikia mwezi wa tisa Nevena alikuwa anamwita "asali" mbele za watu bila haya.

Sasa hapo ndipo tasnifu ilipoingia kati. Nevena alikuwa anachunguza familia za maghorofani zinatupa nini hasa. Familia arobaini, wiki sita. Kila Jumanne kila familia inatoa mfuko wake wenye namba, na yeye na mwenzake Ognyana wanaupasua katika banda la nyuma ya chuo, wanatenganisha, wanapima, wanaandika. Orodha ya majina ilikuwa imefungiwa kwenye droo ya Profesa Karastoyanova. Wao walijua namba tu, na walikuwa wametia sahihi kwamba hawatatafuta kujua mfuko ni wa nani. Takataka za mtu ni siri zake, alisema profesa, na mtu akikupa siri zake humpekui.

Siku mbili kabla ya kuanza, familia moja ikajitoa. Nevena akachanganyikiwa, akamwomba Svilen aingie badala yake, akamkabidhi mifuko yenye namba ishirini na saba kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia profesa. Alimwambia Ognyana tu, "Ishirini na saba usinipe mimi. Upime wewe." Ognyana si mjinga, akaelewa, akanyamaza.

Kuanzia hapo Svilen akaanza vituko. Kila Jumanne.

"Mpenzi, nikuletee supu jioni?" Nevena alimpigia simu.

"Leo? Hapana, leo usije, asali. Jumatano."

"Kwani Jumanne kuna nini?"

"Kazi. Nipo juu ya lifti sasa hivi."

"Juu ya lifti, au juu ya mtu?"

"Nevena, acha bwana!" Akacheka, lakini alicheka haraka mno, na simu ikakatwa.

Mwanamke akishakatiwa simu hivyo halali vizuri, tusidanganyane. Nevena alianza kunusa mashati yake. Alianza kuhesabu vikombe kwenye sinki. Na kilichomkata maini zaidi ni Ognyana. Kila Ognyana alipomaliza kupima mfuko namba ishirini na saba, alimtazama mwenzake kwa huruma, halafu akageuza uso na kujitia kutafuta kalamu.

Jumanne ya sita, ya mwisho, Ognyana alitoka nje kuvuta sigara. Mfuko ule ulikuwa mezani. Nevena alikuwa amevaa glovu, koti la njano la mvua na barakoa. Alijua kabisa kwamba anavunja kiapo. Akaupasua.

Kwanza alijisikia fahari. Maganda ya karoti. Chupa ya kioo ya kachumbari, imeoshwa vizuri. Plastiki hakuna hata kipande! Mpenzi wangu mwenyewe, aliwaza, machozi yakimlenga. Kisha chini ya maganda akaona lipstiki nyekundu iliyokwisha. Soksi ndefu za kike, rangi ya kahawa, zimetoboka kidole. Vizibo viwili vya divai. Mashina ya maua. Na wembe, wenye vinyweleo vigumu vya ndevu.

"Ananyoa," alisema kwa sauti. "Kwangu anakuja na ndevu kama mchungaji wa mbuzi, kwake ananyoa!"

Ognyana alikuwa amesimama mlangoni. "Nilitaka kukwambia, shoga yangu. Lakini tumetia sahihi."

"Kila wiki ni hivi?"

"Kila wiki. Pima basi, tuandike."

"Pima wewe!" Nevena alivua glovu, akatoka mbio na barakoa yake usoni.

Jengo la Svilen lilinuka pilipili za kuchoma kutoka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho, maana ni msimu na kila mtu alikuwa na jiko lake kwenye roshani. Lifti ilikuwa mbovu. Jengo la fundi wa lifti, lifti mbovu! Hilo nalo Nevena alimwandikia Svilen kosa, akapanda ghorofa saba kwa miguu, na kila ghorofa wivu ulimpanda ngazi moja zaidi. Akagonga kama askari.

Svilen alifungua akiwa na fulana ya kazi. "Nevena! Mbona hukunipigia?"

"Ili upate muda wa kumficha?"

"Kumficha nani?"

"Mwenye soksi za kahawa! Mwenye lipstiki nyekundu! Anakuletea maua au wewe ndiye unampelekea? Mimi nakupikia supu, yeye mnakunywa naye divai, chupa mbili kwa wiki! Na huo wembe, Svilen! Unamnyolea nani ndevu, na mimi mashavu yananiwasha kila nikikubusu?"

"Asali, punguza sauti..."

"Sipunguzi! Ngazi nzima isikie!"

Ngazi nzima ilisikia. Milango ilifunguka juu na chini. Na mlango wa mkabala ukafunguka polepole, akatoka Bi Violeta, mjane wa miaka sitini na miwili, nywele zimetengenezwa, midomo myekundu.

"Binti," alisema kwa upole, "hizo soksi zilitoboka kidole gumba?"

Nevena akashusha barakoa. "Ndiyo."

"Basi ni zangu."

Na nyuma yake, kwa ndara za nyumbani, mashavu laini kama ya bwana harusi, alikuwa amesimama Bwana Gencho, mwenyekiti wa jengo, yule mkali anayebandika matangazo ya kukataza makelele. Juu mtu mmoja akapasuka kicheko. "Kumbe mwenyekiti anakaa ghorofa ya saba siku hizi!" Bwana Gencho akawa mwekundu hadi masikioni. Bi Violeta akamrudisha ndani. Alifunga mlango taratibu, na Nevena alitamani ardhi immeze.

"Takataka za Bi Violeta zilifikaje kwenye mfuko wako?" aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

Svilen alikaa kwenye ngazi. "Mimi humsaidia kushusha taka. Kila Jumanne zake nilizitia kwenye mfuko wako wenye namba. Zangu nikazitupa pipani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungeziona zangu ungeniacha! Nakunywa bia ya chupa za plastiki, Nevena. Zile za lita mbili. Nakula pizza za friza siku nne kwa wiki. Kikapu sina, sijawahi kuwa nacho. Yeye anaishi kama unavyotaka watu waishi. Nikaona, nikikuazimia maisha yake wiki sita tu, utanipenda."

Kwa muda wa pumzi moja Nevena alifurahi. Hakuna mwanamke! Halafu akili ikamrudi.

"Wiki zote sita?"

"Zote."

"Svilen, nimeandika hayo. Ni utafiti wangu. Miaka miwili ya kusoma usiku na mchana, na ndani yake nimeandika uwongo wako kwa gramu!" Alilia pale pale, bila kujifuta. "Bora ungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningepambana naye. Hiki nipambane nacho vipi?"

Akashuka ghorofa saba, na safari hii hakuna mlango uliofunguka.

Kesho yake alikwenda kwa Profesa Karastoyanova, akasema yote: mpenzi aliyemwingiza kwa siri, mfuko aliopasua, na jinsi alivyomwaibisha mjane wa watu. Profesa hakumfokea, na hilo lilimuuma kuliko kufokewa. Familia ya ishirini na saba ilifutwa. Atafute nyingine, apime wiki sita upya, na utetezi wa tasnifu uliokuwa ufanyike Novemba usogezwe mpaka Machi.

Kutoka hapo alinunua banitsa ya moto, ule mkate wa matabaka wenye jibini, akapanda tena zile ghorofa saba, akachungulia kwanza kama mlango wa Svilen umefungwa.

"Bi Violeta, nimekuja kuomba radhi. Nilichokifanya hakina jina."

"Ingia, binti yangu. Leta hiyo banitsa, itapoa." Mama wa watu akakata vipande viwili. "Miaka miwili Gencho anapita hapo kwa ncha za vidole kama mwizi. Leo amekuja na sanduku lake la nguo mchana kweupe. Lakini usidhani nimekusamehe kwa sababu yamekwenda vizuri. Yangeweza kwenda vibaya."

"Najua, Bi Violeta."

"Ukijua, basi nimekusamehe. Na huyu wa mkabala?"

"Huyo simtaki."

"Mimi nimepata wanaume walioniibia pete na mmoja aliyeniibia gari. Aliyeiba takataka ili apendwe sijawahi kumpata." Akamsogezea sahani. "Kula."

Nevena alikula, lakini simu za Svilen hakupokea. Zilikuwa kumi kwa siku, zikawa tano, zikawa moja, saa mbili kamili asubuhi. Halafu wiki ya nne zikakoma kabisa. Na hapo, mtanisaidia kumwelewa, ndipo wivu ulipomrudia upya! Alimkataa mwenyewe, lakini kukaa kimya kwake kulimchoma. Amepata mwingine, aliwaza. Msichana wa pizza. Msichana asiyepekua mifuko ya watu. Alipita mara mbili mbele ya karakana ya lifti akijitia anakwenda duka la dawa.

Wiki ya sita, katikati ya Desemba, theluji ilikuwa imeanza kunyunyiza. Mfuko wa mwisho wa familia mpya ulikuwa umeshapimwa, na Ognyana alikuwa anafunga mizani, mlango wa banda uliposukumwa kwa bega. Svilen aliingia na koti la kazi, pua nyekundu kwa baridi, amebeba mifuko sita.

"Utafiti umekwisha," Nevena alisema. "Hizo taka hazina kazi tena."

"Si za utafiti. Ni zako." Akaipanga mezani kwa mpangilio, kila mmoja una tarehe. "Nimezihifadhi kwenye roshani tangu uondoke. Sijatoa kitu, sijaongeza kitu. Umepekua maisha ya Bi Violeta ukidhani ni yangu. Sasa pekua yangu."

"Mimi naenda kuvuta sigara," alisema Ognyana, ambaye alikuwa ameacha kuvuta mwezi mzima.

Nevena alivaa glovu. Mfuko wa kwanza ulikuwa aibu tupu: chupa saba za bia za plastiki, maboksi ya pizza, na tishu, tishu, tishu.

"Ulikuwa na mafua?"

"Hapana."

Wa pili, bia tano. Wa tatu, mbili, na maganda ya viazi. "Ulipika?"

"Niliunguza. Endelea."

Wa nne ulikuwa mwepesi. Nevena aliingiza mkono, akatoa mswaki wa kijani. Aliujua. Alikuwa ameuacha mwenyewe kwenye bilauri ya bafuni kwa Svilen mwezi wa tisa.

"Uliutupa mswaki wangu."

"Niliutupa."

"Umempata nani?"

"Sijampata mtu. Nilikata tamaa, Nevena. Kila asubuhi nauona, kila asubuhi simu hupokei. Siku hiyo nikautupa, nikaacha kupiga simu. Ningeweza kuutoa kwenye mfuko kabla sijaja hapa. Nilisema sitoi kitu."

Nevena aliuweka mswaki mezani. Hakuna kilichowahi kumuuma katika mifuko ya familia zote arobaini kama kile kijiti cha plastiki. Alitaka kumpiga, alitaka kumshika. Badala yake akafungua wa tano, akachambua pole pole: maganda ya mayai, magazeti, chupa moja ya bia. Ya kioo. Akafungua wa sita. Juu kabisa kulikuwa na kijikasha kitupu, plastiki mbele, karatasi nyuma, chenye picha ya mswaki wa kike, mwekundu.

Akamgeukia kwa macho makali. "Huu wa nani?"

"Wewe unaonaje?"

"Nakuuliza, Svilen. Wa nani?"

"Wako, mama! Wa nani tena? Upo kwenye bilauri tangu Jumapili. Haujaloweshwa."

Nevena alikichukua kile kijikasha. Kisha akabandua karatasi kutoka kwenye plastiki, akatia kila moja kwenye fungu lake, akavua glovu, na akamwambia achukue koti lake la njano pale msumarini, waende ghorofa ya saba.