Droo ya Tatu

Bi Khole alikuwa katikati ya sala ya alasiri droo ya tatu ya kasha ilipofunguka. Alisikia mbao ikiteleza nyuma yake, akamaliza rakaa zake bila kugeuka, kisha akageuka, akatoka chumbani kinyumenyume. Ilikuwa mara ya nne wiki ile.

Kasha lililetwa na marehemu mumewe, Marhoun, baharia wa meli za mafuta. Alilinunua bandarini Japani akaliteremsha Sur, mji wao wa pwani ya Omani, limefungwa mablanketi. Lilikuwa na droo tano, na Bi Khole alimwekea binti yake, Shukriya, aondoke nalo akiolewa Ibra. Zilibaki wiki mbili harusi ifike. Lakini muuza samani mmoja wa pale mjini, Hashil, alikuja kulitazama, akakaa nalo peke yake nusu saa, akatoka akisema kasha lina mwenyewe, jini. Halifai kuingia chumba cha bibi harusi, alisema. Yeye atawasaidia kuliondoa, awape riali thelathini.

Ndipo Bi Khole akampigia simu Zuhair, Nizwa.

Zuhair bin Sleyum alijifunza kazi ya mbao kwa baba yake, Unguja, kabla hawajahamia Omani. Nizwa alikuwa na duka la samani kuukuu, na mwaka ule wa 1984 watu walimwamini kwa vitu vya Kijapani, maana alikuwa akinunua vya wahandisi waliokuwa wakirudi kwao. Alifika Sur Jumatatu asubuhi, akaamkiwa shikamoo na Shukriya, akanywa kahawa. Kichwani mwake alikuwamo mtu mmoja tu: Hashil.

Habari za jini hakuziuliza. Alitoa droo zote akazipanga sakafuni. Alipitisha kidole chini ya kila moja, akahisi mabonde ya randa ya mkono. Mashine haiachi alama hiyo. Pembe zilishikana kwa meno ya mbao na vijiti, bila msumari hata mmoja. Vyuma vya nje vilifuliwa kwa nyundo. Mbao ilikuwa nyepesi, ile ambayo Wajapani huiita kiri, na kwa ndani haikupakwa rangi, kama inavyotakiwa. Droo ya tatu ilikuwa fupi kwenda nyuma kuliko nyingine kwa shibiri moja. Akadhani iliwahi kukatwa kwa ukarabati, akapunguza bei moyoni. Alitafuta pia uzi, springi, tundu la nyuma, chochote ambacho Hashil angeweza kukiacha. Hakukuta.

Akazirudisha. Alipoisukuma ya juu hadi mwisho, ya tatu ikatoka vidole viwili. Shukriya akamshika mama yake mkono. Zuhair akacheka.

"Hewa hiyo, Bi Khole. Fundi kakata sawasawa, hata pumzi haina pa kupita. Ukifunga moja, hewa inaisukuma nyingine. Kasha bovu haliwezi hivyo."

Akawaeleza kuwa alama hiyo ndiyo huitafuta kwanza, na kwamba Hashil anaijua vizuri sana. Kasha lilikuwa na thamani ya riali mia sita. Bi Khole akashusha pumzi. Shukriya hakushusha.

"Ami Zuhair, na ikifunguka sisi hatujafunga kitu?"

"Haifunguki moja mpaka nyingine ifungwe, mwanangu. Mtu atakuwa kafunga."

"Nani? Mama alikuwa juu ya msala. Mimi nilikuwa jikoni."

Zuhair akautazama mlango. Alikuwa akifikiri nani mwingine ana ufunguo wa nyumba ile.

Baada ya chakula cha mchana, nyumba ilipolala, aliomba aachwe chumbani. Akatia komeo mlango na dirisha, akazima feni ili asikie, akakaa juu ya kigoda mbele ya droo tano zilizofungwa. Kwanza ilikuja harufu, ya mkeka uliolowa, ingawa sakafu ilikuwa kavu na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi, kisha mlio wa mbao ikiteleza, si kwa nje bali ndani, mahali fulani nyuma kabisa, kama mtu anayefunga kitu taratibu asisikike, na palepale droo ya tatu ikatoka, kidole, vidole viwili, kiganja kizima, huku zile nne zimetulia kama alivyoziacha, na Zuhair akabaki ameshika rula yake, akitafuta kwa macho ni ipi iliyofungwa.

Ndipo alipoikumbuka ile shibiri.

Akaitoa droo, akaingiza mkono hadi begani. Nyuma palikuwa na kisanduku cha siri, kimezibwa kwa kijiti. Makasha ya mabaharia wa Kijapani huwa navyo, na bei hupanda maradufu. Akawafungulia wanawake mlango. Bi Khole alisimama kizingitini.

"Sema Bismillahi kwanza," alinong'ona. "Kwetu tangu Unguja hakifunguliwi kilichofungwa siku nyingi bila Bismillahi."

Zuhair alikuwa ameloa jasho, na aliona haya kwamba aliogopa. Akilini aliona uso wa Hashil tu, ukimcheka.

"Kama ni wewe uliyejificha humo," akasema kwa kejeli, "toka. Twende zetu Nizwa."

Akavuta kijiti.

Kisanduku kilikuwa kitupu. Hakikuwa na chembe ya vumbi, na mbao yake ilikuwa na joto, kama pahali alipoinuka mtu sasa hivi. Harufu ikakatika. Bi Khole akasoma Ayatul Kursi. Zuhair akaandika cheti: kasha la kweli, lenye siri yake, riali elfu moja na mia mbili. Akatia saini.

Harusi ikapita. Siku ya tatu Bi Khole alimpigia simu dukani. Kasha liko Ibra, limetulia, Shukriya anakunja nguo zake humo. Hashil siku hizi akimwona Bi Khole barabarani anageuza njia. Akamwuliza Zuhair hali. Njema, akasema.

Akaweka simu. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limejaa mlangoni. Harufu ya mkeka uliolowa ikapita dukani, ikasimama. Meza yake ya kuandikia ilikuwa kuukuu, imekaushwa na joto la Nizwa hadi ikawa na nyufa za kupitisha penseli. Hewa isingeweza kusukuma kitu pale. Droo ikatoka. Kidole. Vidole viwili. Kiganja kizima.

Haifunguki moja mpaka nyingine ifungwe; alisema kwa kinywa chake mwenyewe.

Meza ile ilikuwa na droo moja tu.