Birika Lililokatazwa

Ilianza na pumzi moja iliyozidi. Jörgen, mpiga ngoma, alikuwa akiusikiliza tena wimbo wa kwanza, na kila Rikard, mwimbaji, alipovuta pumzi kabla ya kunguruma, mtu mwingine alisikika akivuta pamoja naye, pumzi fupi na nyepesi. Aliirudisha kanda mara tatu. Mwishowe akaulaumu waya, maana waya haujitetei.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1994, katika kijiji cha Kråkhult, upande ule wa Uswidi wenye makanisa mengi kuliko maduka. Vijana hawa walikuwa wakirekodi albamu ya metali ya kifo, ule muziki wa gitaa zinazonguruma na mwimbaji anayekoroma kama dubu aliyeamshwa, ila maneno yao yote yalimsifu Yesu. Albamu waliiita Maji ya Mauti. Wapenzi wa muziki huo waliwacheka kwa sababu ya Yesu, walokole wakawacheka kwa sababu ya makelele, nao wakakaza buti. Wenzao wa gitaa walikwisha kumaliza sehemu zao na kurudi kazini kiwanda cha viti. Ilibaki sauti ya Rikard tu.

Na sauti ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo Rikard Hultgren. Tangu utotoni alikuwa na kigugumizi cha kutia huruma. Kununua mkate tu kulimtoa jasho. Lakini alipokoroma, maneno yalitoka yamenyooka, na kwa mara ya kwanza maishani watu walimsikiliza mpaka mwisho.

Ukumbi wa kanisa wa kurekodia walipewa na babu yake, Mchungaji Einar, aliyelijenga kanisa hilo kwa mikono yake mwenyewe. Aliwapa masharti mawili. Kwanza, kabla albamu haijatoka, wazee wa kanisa waisikilize wakiwa na maneno kwenye karatasi. Pili, wasiguse birika la ubatizo lililofunikwa kwa mbao chini ya jukwaa. Linavuja, alisema. Tangu lijengwe mwaka 1951 halikutiwa maji hata siku moja. Waumini wa Kråkhult walibatizwa ziwani, wakatoka midomo imebadilika rangi kwa baridi, na wakajivunia kwamba imani yao ni ngumu kuliko ya vijiji vingine.

Vijana walilifungua siku ya kwanza. Jörgen alishuka, akapiga kofi moja, na mwangwi wa vigae vyake ukawateka. Rikard akawa anaimbia mle ndani, peke yake, amesimama mahali ambapo hakuna aliyewahi kusimama.

Siku ya pili ilianza harufu: chokaa mbichi na maziwa yaliyochacha. Siku ya tatu Rikard aliamka sauti imepungua, kama redio inayoishiwa betri, na daktari alipommulika koo hakuona kitu. Jioni hiyo Bi Elsy alileta kahawa na mikate ya mdalasini. Alikuwa mama wa miaka sitini, mfagiaji na mpishi wa kahawa wa kanisa tangu ujana wake. Alisimama mlangoni na birika lake la kahawa mkononi, akatega sikio.

"Nani kaja na mtoto humu?" aliuliza.

"Ni huyu Rikard, Shangazi," Jörgen akamtania. "Anaota meno."

Bi Elsy hakucheka. Aliweka kahawa akaondoka, na koti lake akalisahau.

Siku ya nne ile pumzi ikapata neno. Ilikuwa saa kumi alasiri, na jua la Novemba huko kaskazini lilikwisha kuzama, Rikard amemaliza ubeti na kunyamaza, na kwenye kanda, nyuma ya kimya chake, sauti ndogo yenye majimaji ikasema: *Jina.*

Jörgen alifunga mashine. Bibi yake alikuwa wa kanisa la zamani, lile linalobatiza vichanga, na alimsimulia mambo ambayo walokole hawayasemi.

"Ni kichanga aliyeuawa kabla hajapewa jina," alinong'ona. "Wazee walikuwa wakiwasikia vichanga hao porini. Hapumziki mpaka abatizwe. Kama hujui ni wa kike au wa kiume, unabahatisha: nakubatiza, Anna au Johan."

"S-sisi hatubatizi watoto," Rikard alisema kwa sauti iliyobaki uzi.

"Basi nenda kamfundishe yeye mafundisho ya kanisa."

Walishuka birikani wote wawili, Jörgen akayasema maneno yale, naye alikuwa hajafika mwisho wa Johan wakati vigae vilipoanza kupasuka kimoja baada ya kingine kutoka sakafuni kwenda juu, na ile harufu ya maziwa ikawajaa puani mpaka wakatapika, na kutoka kooni mwa Rikard mwenyewe, mdomo wake ukiwa umefungwa, sauti ndogo ikasema kwa hasira kwamba yeye si Anna, si Johan, na hakuja kubahatishwa. Rikard alipopanua mdomo kupiga kelele, hakutoka hata mkwaruzo. Alikuwa bubu.

Alitaka kanda ichomwe. Aliandika hivyo kwenye karatasi, akilia. Lakini Jumamosi Mchungaji Einar aliwakalisha wazee saba mbele, na miwani yao na karatasi zao, akasema tusikilize uchafu huu tuumalize. Hakuuliza kwa nini mjukuu wake hasemi. Kwake kijana asiyesema alikuwa afadhali.

Wazee walifuata neno kwa neno kwa kidole. Mpaka wimbo wa sita walitikisa vichwa kwa mshangao, maana yalikuwa maneno safi. Wimbo wa saba vidole vikasimama. Karatasi ilisema Bwana ndiye mchungaji wa roho yangu. Mngurumo ulisema kitu kingine, na safari hii hakuna aliyehitaji karatasi: *Mchungaji ndiye baba yangu. Chokaa ndiyo shuka yangu.* Kisha kikafuata kilio cha kichanga, kimoja, kikakatwa katikati.

"Zima," alisema Einar.

Jörgen alizima. Kilio kikaanza tena, chini ya jukwaa.

Bi Elsy alikuwa akimimina kahawa. Aliliweka birika mezani polepole.

"Kilio hiki nilikisikia mara moja," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba, mtumishi nyumbani kwako. Ukaniambia kazaliwa amekufa. Ukaniambia nimeota. Miaka arobaini na mitatu, Einar, nimefagia juu ya mwanangu."

Jörgen akasema mtoto anaomba jina na ubatizo. Mchungaji alisema huyu mama amerukwa na akili. Alisema pia, na hili ndilo wazee hawakumsamehe, kwamba Maandiko hayaruhusu kubatiza watoto.

Bi Elsy alipanda jukwaani, akachukua glasi ya maji ya mhubiri, akashuka birikani bila kushikwa mkono. Kila mtu alimsikia.

"Tage," alisema. "Nilikupa jina kabla hujazaliwa. Nakubatiza Tage, mwana wa Elsy na Einar. Chukua kilicho chako, mwanangu, kisha ulale."

Maji yalidondoka. Kilio kikanyamaza, na harufu ya maziwa ikapanda toka birikani, ikapita katikati ya wazee kama mtu anayetafuta kiti chake. Rikard akakohoa.

"B-b-babu," alisema, kwa sauti yake, na kigugumizi chake. "N-ni kweli?"

Einar alipanua mdomo ule uliohubiri nusu karne. Kikatoka kilio cha kichanga cha siku moja.

Mifupa ilikutwa chini ya vigae, imefungwa kwa kanzu nyeupe ya ubatizo. Rikard alimzika Tage mwenyewe. Kwa ukoo, kichanga yule alikuwa baba yake mdogo. Albamu ilitoka, na wimbo wa saba unaitwa Tage.

Mzee Einar aliishi miaka kumi na mmoja zaidi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wauguzi wapya walikuwa wakikimbia korido nzima wakitafuta ni mgeni gani kasahau mtoto. Kila Jumapili Bi Elsy alikwenda, akavuta kiti, akamsikiliza akilia mpaka saa ya kuonana ikaisha. Hakuwahi kumbembeleza.