Waliomdhamini Zahoro

Jina la tovuti ya marehemu Zahoro liliibwa wiki ya pili baada ya mazishi. Ukiliandika, badala ya habari za bahari ya Msambweni na vyumba vyake viwili vya wageni, ilikufungukia tovuti ngeni ya kutembeza watalii kisiwani: Matembezi ya Chale. Mwenye tovuti hiyo hakujitaja.

Wageni wakakatika. Mjane wake, Nadhira, alikuwa anakaa eda. Kutoka kwenda kutafuta riziki hawezi, na wageni wote walikuwa wakimjia kwa jina lile.

Polisi walimkamata Tofiki, fundi aliyeitengeneza tovuti. Inspekta Kadzo akamkuta mahabusu amenuna.

"Umeiba?"

"Ningekuwa mwizi, afande, ningeanza na hoteli kubwa."

"Usinichekeshe, niko kazini. Jina ni maneno tu. Mtu aliibe la nini?"

"Zahoro alilitumia miaka mingi. Shule, mahoteli ya Diani, magazeti ya Ulaya, wote wameweka linki za kwenda kwake. Kila linki ni mdhamini. Mtu akitafuta habari mtandaoni, mwenye wadhamini wazito hutokea mbele. Jina jipya, hata uandike kweli tupu, linakaa nyuma huko."

"Kwa hiyo mwizi alitaka wadhamini."

"Hao hao. Na kulihamisha jina, lazima usome tarakimu za siri zinazotumwa kwenye simu ya marehemu."

Kadzo akaenda kwa mjane. Alivua viatu, akajitanda leso, na kwa kuwa ni mwanamke mwenzake, akaingia chumbani.

"Pole kwa msiba, dada."

"Nimeshapoa. Huu wa pili, wa jina kuibwa, ndio haujapoa."

"Simu ya marehemu iko wapi?"

"Hii hapa chini ya mto. Haijatoka humu tangu tuzike."

Kadzo akautazama mlango. Tofiki na ujuzi wake wote asingeweza kuingia humu. Mwanamume asiye jamaa haingii kwa mwanamke wa eda.

"Nani hukaa nawe?"

"Twaiba, mpwa wa kike wa marehemu. Ndiye anayenipikia."

Twaiba akaingia na bakuli la uji.

"Kaa, mwanangu," Kadzo alisema. "Matembezi ya Chale ni yako?"

"Siyo yangu."

"Haya. Nitaiandikia kampuni iliyolisajili jina hilo, itanitajia mwenyewe. Tofiki atangoja ndani mpaka jibu lije. Mama yake nimemwacha kituoni analia."

Twaiba akaliweka bakuli chini.

"Mwacheni Tofiki. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Zile kurasa za maji kujaa na kupwa, za matumbawe, niliziandika mimi tangu nimalize shule. Mjomba akatia jina lake. Nikafungua tovuti yangu, nikaandika vizuri zaidi. Nikaomba linki, mahoteli yakanijibu, 'Sisi tunamjua Zahoro.' Alipofariki nikaona nimezikwa naye."

"Si ungeniomba mimi?" Nadhira aliuliza.

"Nikuombe jina la mumeo, mama, na wewe uko edani? Niliona haya."

"Kuiba hukuona haya?"

Twaiba akaliinamia bakuli.

"Ningekupa," Nadhira alisema taratibu. "Nilikuwa nakuona unaandika hapo sebuleni, yeye amelala kwenye kochi."

Twaiba akainua uso. "Ulikuwa unaona? Na hukusema kitu?"

Nadhira akageukia ukutani.

Kadzo akatoka hadi mlangoni. Akapiga simu kituoni Tofiki aachiwe, kisha akakaa nao kidogo kabla ya kumwambia Twaiba wanyanyuke waende kituoni.