Chupa Mia Moja za Ratka

Ukitaka kujua kwamba Septemba imefika mjini kwetu Shtip, huhitaji kalenda. Toka nje uvute pumzi. Kila ua una jiko la bati, na kila jiko lina pilipili hoho nyekundu zinazochomwa. Moshi wake unaingia hata kwenye mashuka yaliyoanikwa.

Hoho hizo tunazimenya na kuzisaga. Kisha tunazikoroga kwenye mafuta kwa saa nyingi mpaka ziwe ajvari, ya kupaka kwenye mkate majira yote ya baridi. Mwanamke asiyetengeneza ajvari yake anasemwa. Wanaomsema nawajua, kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Naitwa Violeta. Ni nesi wa mtaa, mwaka wa ishirini na sita sasa. Nazunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wangu. Napima presha za wazee, natazama vichanga, na kila nyumba nanyweshwa kahawa.

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda kwa bibi Trena. Mwaka juzi alipata kiharusi kidogo, na mkono wake wa kulia bado hauna nguvu. Anaishi na mwanawe Dimche, mkwewe Ratka, na mjukuu wake Iskra, mwenye miaka minane. Ratka ni fundi wa kushona mashati kiwandani, siku tano kwa wiki. Ajvari anapika jioni na Jumamosi.

Nilimkuta uani, anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani ni moshi.

"Pole na kazi, Ratka."

"Usiseme, dada Violeta. Kilo mia na ishirini, na nimemenya nusu tu. Mama yuko ndani, pita."

Dimche alisogea akanyoosha mkono. "Nipe mwiko, mke wangu. Upumzike kidogo."

"Wewe? Uliunguza maharage umesimama mbele yake!"

"Siku ile kulikuwa na mpira."

"Basi nenda kwenye mpira wako! Unanizibia njia."

Dimche akainua mabega, akaenda kukaa kwenye ngazi.

Hapo Iskra akaja na beseni la hoho zilizomenywa. Alikuwa anataka kusaidia. Mguu wake uliteleza, na hoho zote zikamwagika kwenye vumbi.

"Huna macho wewe?" Ratka alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Kila mtu humu ndani ni mzigo wangu! Toka mbele yangu!"

Mtoto hakulia. Aliinama, akaokota hoho moja moja, akafuta mikono kwenye gauni, akaondoka kwa kunyata. Mtoto anayelia hanitishi sana. Huyu aliyejifunza kutolia alinitia hofu.

Niliingia ndani. Bibi Trena akavuta mkono wake kabla sijaufunga kitambaa cha kupimia.

"Mimi nipime baadaye," alisema kwa sauti ya chini. "Kampime yule. Wiki nzima halali. Namsikia anazunguka."

"Mbona humwambii apumzike?"

"Nikimwambia, ataona namsimanga kwamba hawezi kazi."

Nikarudi uani na kipimo changu. Nilimvuta Ratka, nikamkalisha kwenye kreti. Alilalamika, lakini nimezoea watu wa kulalamika. Presha yake ilikuwa mia moja hamsini na tano kwa tisini na tano.

"Kichwa kinauma?"

"Kila siku. Na shingo. Ni uchovu tu, dada. Nani hachoki?"

"Usingizi?"

"Nalala, halafu nashtuka. Moyo unanienda mbio."

"Na hasira?"

Alitazama chini. "Zinatoka zenyewe. Nikishapiga kelele najichukia. Kesho yake narudia."

"Huo si uchovu tu, Ratka. Ni msongo wa mawazo. Mwili wako umekaa kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Misuli imekaza, moyo unakimbia. Kukimbia siku moja si kitu. Wewe unakimbia wiki nzima, na mbwa mwenyewe hayupo."

"Yupo. Chupa mia moja."

"Za nani?"

"Za mama. Yeye alijaza mia kila mwaka. Mwaka jana alikuwa mgonjwa, hatukupika kitu. Sitaki isemwe kwamba nyumba imeanguka mikononi mwangu."

Nilitaka kumjibu, lakini Dimche aliita kutoka mlangoni. "Ratka, Iskra yuko wapi? Chumbani hayupo."

Tulimtafuta kwa jirani. Tukamtafuta barabarani. Ratka aliliacha jiko likiwaka, na sijapata kumwona amekimbia hivyo. Mwishowe Dimche alifungua mlango wa ghala, kile chumba cha chini ya nyumba tunakoweka vyakula vya majira ya baridi.

Iskra alikuwa amekaa kwenye kona, nyuma ya pipa la kabichi. Alikuwa na mto, blanketi, kipande cha mkate na penseli zake za rangi. Hapakuwa mahali pa kukimbilia mara moja. Palikuwa na mpangilio, kama nyumba.

"Unafanya nini huku, mwanangu?" Ratka aliuliza.

"Nakaa. Mpaka hoho ziishe."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Huku sikuudhi."

Ratka aliketi kwenye ngazi ya mwisho.

"Mama, ajvari ipo nyingi," mtoto aliendelea, akionyesha rafu. "Nimehesabu. Chupa arobaini na tatu. Nyingine zina ukungu."

Ilikuwa kweli. Zilipangwa vizuri, zina vumbi, zina karatasi zenye mwandiko wa bibi Trena. Zilikuwa za kabla ya kiharusi chake. Hakuna aliyezila.

Bibi Trena alikuwa ameshuka ngazi nusu, ameshika ukuta. "Mia haikuwa yangu, Ratka," alisema. "Ilikuwa ya mama mkwe wangu, Mungu amrehemu na amzuie huko huko. Tulikuwa watu kumi na mmoja mezani. Wakahama, wakafa, mimi nikaendelea na mia. Niliogopa kusemwa. Na mimi nilipiga kelele, mwanangu. Kila Septemba."

Dimche alikuwa bado amesimama mlangoni. Alisema polepole, "Mimi nikiwa mtoto nilikuwa nakaa hapo hapo. Nyuma ya pipa."

Bibi Trena akaziba mdomo kwa mkono wake wa kushoto. Miaka yote hiyo hakuwa amejua.

Ratka alipiga magoti kwenye sakafu baridi. "Iskra, nisikilize. Hujaniudhi. Nilichoka, nikakutupia wewe uchovu wangu. Kosa ni langu."

"Utapiga kelele tena?"

Ratka alinitazama. Nikatikisa kichwa, asiahidi asichokiweza.

"Inaweza kunitoka," akasema. "Nitajitahidi. Ikinitoka, nitakuja kukuomba radhi. Usijifiche."

Tulizima jiko. Sufuria iliyokuwa imeshaungua chini tuliimwaga, na wala mbingu hazikuanguka. Nilimwagiza Ratka akalale, akalala kwa muda wa saa tatu, mchana kweupe. Dimche alikoroga sufuria ya pili bila kuunguza. Bibi Trena alikaa karibu yake, akimsimamia kama polisi. Kilo hamsini za hoho walimpa jirani, naye alishukuru huku akishangaa.

Ratka alipoamka nilimfundisha kitu kimoja. "Ukihisi shingo inakaza na sauti inapanda, usiseme neno. Vuta pumzi kwa pua, hesabu mpaka nne. Itoe kwa mdomo, hesabu mpaka sita, taratibu, kana kwamba unapoza kahawa na hutaki kuimwaga. Mara tano. Mwili utaelewa kwamba mbwa hayupo."

"Basi? Hewa tu?"

"Hewa haimenyi hoho. Kazi mgawane. Dimche hajui unachotaka mpaka umwambie. Na ukishampa mwiko, usimsimamie."

"Huyo mama yake je, mbona anamsimamia?"

"Huyo ni mgonjwa wangu, mwachie mimi."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Nilimwambia pia ukweli mwingine. Presha ile tungeipima tena kila siku kwa wiki moja, na isiposhuka angemwona daktari. Na usingizi ukikataa wiki kadhaa, au mtu akiona maisha hayana maana, hilo si la kungoja wala kuonea haya. Anamwambia nesi au daktari mara moja.

Presha ilianza kushuka, ingawa si kwa siku moja. Daktari alimwona mara mbili. Jumapili baada ya chakula wanakaa wote wanne, kila mmoja anataja kazi atakayoifanya wiki hiyo. Jioni mbili kwa wiki Ratka anapanda kilima cha Isar na jirani yake, wanatembea na kusengenya. Mimi nimewaruhusu. Hata mimi mwaka huu nimejaza chupa ishirini tu, na wakinisema najua wamejifunza kwangu.

Novemba nilipita tena. Chupa zao zilikuwa thelathini, zimepangwa jikoni. Tulikuwa tunakunywa kahawa Iskra aliponyoosha mkono kuchukua moja. Ikamponyoka. Kioo na ajvari vikatapakaa sakafuni.

Mtoto akautazama mlango wa ghala. Ratka alikaza taya, nikaiona shingo yake inakaza. Kisha akavuta pumzi, akaitoa taratibu. Mara moja. Mara mbili. Sote tukangoja mpaka ya tano.

"Dimche, leta ufagio," alisema. "Iskra, usisogee, una miguu mitupu. Nakuja kukubeba."

Iskra akaangua kilio, kwa sauti kubwa, kama mtoto wa miaka minane. Mama yake akamnyanyua, akamweka mapajani, akamwacha alie.

"Ishirini na tisa," alisema bibi Trena, akanisogezea kahawa yangu.