Mfuko wa Upande wa Kulia

Kila alasiri akitoka shule, Kijiti alifungua madirisha ya studio ya babu yake, akafagia, kisha akaipangusa vumbi kamera kubwa ya miguu mitatu. Babu alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, lakini hakuna aliyemwambia aache, naye hakuacha. Hakuwa amelia hata siku moja. Watu walimpa pole, akaitikia "asante" kama anayepokea chenji dukani. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Mji mzima ulimwita babu huyo Mzee Tulia, maana kabla ya kupiga picha lazima aseme, "Tulia!" hata kama anapiga picha ya daraja. Kwa miaka hamsini na sita alipiga harusi na picha za vitambulisho ili apate riziki. Nyingine zote alizipiga kwa ajili ya historia ya mji: soko likiezekwa, shule ikipakwa rangi, mtaro wa bomba la kwanza ukichimbwa. Alizihifadhi kwenye maboksi ya viatu, na nyuma ya kila picha aliandika waliomo. Hapo hakuwa na mchezo. "Penseli ni ya fununu," alikuwa akisema. "Wino ni wa mashahidi wawili."

Sasa maktaba ilikuwa ikiandaa maonyesho ya picha zake arobaini, na mkutubi alimpa Kijiti kazi ya kuandika maelezo. Ijumaa jioni ikabaki picha moja: wanaume saba wenye makoleo kando ya mtaro. Nyuma yake, sita walikuwa wameandikwa kwa wino. Mmoja aliyebaki aliandikwa kwa penseli tu: "Wa tatu, hajulikani. Aulizwe mama mshonaji."

Mama mshonaji aliishi ng'ambo ya mto. Kijiti alikuwa amechoka, na zaidi ya kuchoka, hakujali. Kofia ya mtu yule ilimkumbusha kaka yake seremala wa mtaani kwao. Akachukua ufutio, akafuta penseli ya Babu, akaandika kwa wino: "Kaka yake seremala." Akanakili hivyo hivyo kwenye kadi ya kubandikwa ukutani. Kazi kwisha.

Jumamosi asubuhi maktaba ilijaa. Bibi mmoja mwenye fimbo akamshika Kijiti bega. Alikuwa mama mshonaji mwenyewe.

"Mjukuu wangu, nisomee. Macho yangu yamegoma."

Wakapita picha baada ya picha. Walipofika kwa wachimbaji, bibi alisimama. "Hawa ni akina nani?"

Kijiti alimsomea wote saba, wa tatu kama alivyomwandika.

"Aa," bibi akasema. "Mume wangu alichimba mtaro ule. Babu yako aliniahidi atamtafuta kwenye maboksi yake. Picha zetu ziliisha kwa mchwa, na siku hizi hata sura yake inanipotea. Haya, twende mbele."

Wakaenda hadi ya arobaini. "Hayumo," bibi alisema taratibu. "Asante, umesoma vizuri." Akashika njia ya kwao.

Kijiti alibaki amesimama. Alisubiri aone aibu, haikuja, na hilo likamtisha kuliko aibu yenyewe. Akamwendea mkutubi. "Mama, maelezo ya picha ile ni ya uongo. Nilibahatisha."

Mkutubi aliwatazama wageni, kisha akamtazama yeye. "Ndiyo kwanza tumefungua, nawe unataka tuache pengo ukutani?" Akavuta pumzi, akaitungua picha. "Chukua. Pitia studio, ubebe na kioo cha kukuzia cha babu yako."

Alimkuta mama mshonaji kwenye cherehani, akipapasa upindo wa kitambaa kwa vidole.

"Bibi, nilikusomea uongo. Yule wa tatu simjui. Babu aliandika uulizwe wewe, mimi nikafuta."

Cherehani ikanyamaza. Bibi hakufoka. "Shati lake lina mfuko?" akauliza.

Kijiti aliinama na kioo. "Linao, mmoja."

"Upande gani?"

Akajipapasa mfuko wa sare yake kwanza, asije akakosea tena. "Wa wenzake wote uko kushoto. Wake uko kulia."

Mkono wa bibi ulitulia juu ya kitambaa. "Alitumia mkono wa kushoto. Niliuhamisha mwenyewe, mafundi wenzangu wakanicheka wiki nzima. Niambie sura yake."

"Masikio yamechomoza. Wengine wote wametulia, bibi. Yeye peke yake anacheka."

"Ndiye!" bibi akasema, naye akacheka huku machozi yakimtoka. "Huyo hakuwahi kutulia."

Alipomaliza kujifuta, alimvuta Kijiti karibu. "Umekuja kusema kweli, na hilo nimelipenda. Lakini sikia. Kuuliza si ujinga. Ungeacha 'hajulikani' ukutani, ningeuliza, tukampata palepale. Asiyejua akikiri, mlango unabaki wazi. Akidanganya, ameufunga, na mwenzake yuko nje. Mimi leo nilirudi nyumbani mjane mara ya pili."

Kijiti akaigeuza picha, akaupiga mstari wino wake wa uongo, akaandika chini yake: "Wa tatu, mume wa mama mshonaji. Shahidi wa kwanza, mkewe. Shahidi wa pili, shati lenyewe." Akarudia kuusoma mstari ule. Ulikuwa sahihi kabisa.

Akainua kichwa ili amwonyeshe Babu. Ndipo akalia.