Nyayo Kwenye Grafu

Naapa kwa miwani yangu mipya, hapa hakuna chumvi hata punje. Nikikutwa nimeongeza, vyombo vya wiki nzima naviosha mimi.

Walikutana kwenye duka la vifaa vya elektroniki, watu wamebanana hadi kaunta inalia. Mhandisi mmoja, gauni la bluu na penseli nyweleni, alishika kadi ya kompyuta ya kunasa sauti na vipimo, ya mwisho dukani. Upande wa pili wa boksi ulikuwa mkono wa mrekodi sauti mmoja anayechechemea.

"Kaka, achia."

"Achia wewe, dada. Mimi nanasa muziki."

"Mimi nanasa mitetemo ya pampu za maji. Pampu ikipasuka, muziki utaupigia kwenye matope."

Mrekodi akaachia, kwa sharti la kikombe cha chai. Chai ikazaa simu, simu zikazaa "mpenzi".

Kilichomsumbua mhandisi ni kompyuta. Kadi ilileta vipimo elfu kwa sekunde, lakini Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, ilikuwa na wateja wengi: ikienda kuhudumia printa, ikirudi vipimo vimepotea, grafu ina mapengo. Akaipa programu yake ya kupokea vipimo kipaumbele cha juu kabisa, akasahau kuiwekea muda wa kupumzika. Mashine nzima ikaganda, hata kipanya.

"Mnafanana, wewe na programu yako," mrekodi alimcheka kwenye simu. "Ukishika kazi, sisi wengine tunaganda."

Utani huo ulikuwa na uchungu ndani. Mrekodi alishamsubiri mgahawani hadi viti vikapandishwa juu ya meza. Siku moja akapiga tena, sauti imepoa.

"Malkia, nimepata kazi mji wa mbali. Kesho kabla ya basi nitapita hapo karakana kwako. Ukinifungulia, nabaki. Usipofungua, nimeelewa."

"Njoo. Nitafungua."

Kesho yake mhandisi alizima pampu za karakana, akabandika vihisi vya mitetemo sakafuni ili apime utulivu wake. Programu alishaitengeneza: ya kwanza kwenye foleni, lakini inalala kidogo wengine wapate zamu. Akaketi, mlango wa chuma nyuma yake, akingoja kusikia hodi. Mchana ukafika bila hodi.

"Kumbe alikuwa ananichezea," akasema, macho yamelowa. Akafungua grafu ili mikono ipate kazi.

Hakuna pengo hata moja. Na katikati ya mstari ulionyooka: kishindo kizito, chepesi, kizito, chepesi. Vitatu vya haraka, mlangoni. Kimya kirefu. Vitatu tena. Kisha kizito, chepesi, vikififia.

Akapeleka mkono sikioni. Vizibo vya kuzuia kelele za pampu! Alisahau kuvivua. Akavichomoa, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Ndani ya basi. Nimeelewa, usijali."

"Hujaelewa kitu! Ulikuja, ukabisha mara mbili. Nilikuwa na vizibo masikioni, mjinga mimi."

"Nani kakwambia nilikuja?"

"Sakafu. Hakuna mwingine anayetembea hivyo."

"Mguu huu nimeuonea haya miaka yote."

"Mimi nimeukariri. Shuka, unioe. Nami nitajiwekea muda wa kupumzika."

"Dereva! Simamisha, naenda kuoa!" Abiria wakapiga makofi.

Alipofika alionyeshwa grafu. Pale kwenye kile kimya kirefu, vimistari vidogo vilikuwa vinadunda: moyo wake, umeshuka viatuni hadi sakafuni.

Mke wangu, penseli bado nyweleni, amesoma hadi hapo, akavua miwani yake.

"Muongo wewe. Zilionekana nyayo tu."

"Si ulinionyesha moyo mwenyewe!"

"Nilisema hivyo usije ukarudi kwenye basi."

Nimekunja mikono ya shati, nikachechemea hadi jikoni. Amenifuata na kitambaa cha kukaushia.