Taa za Bei Nafuu

Haya yalimpata rafiki yangu Yunisi wa Mungaa, na kila akinisimulia hunishika mkono.

Mumewe Filipo hubeba alizeti kwa Land Cruiser yenye taa hafifu. Walipokwenda mjini kununua taa za kuongezea, muuza duka Esmail aliwaonya kwa upole, "Dada, hizi za bei nafuu huingia maji. Chukueni zile nzuri."

"Kaka Esmail, wewe unataka kuuza tu," Yunisi akamcheka, akachagua za bei nafuu.

Jioni moja mvua ikazizima njiani. Gizani wakasikia kengele ya ng'ombe, kisha kishindo.

"Tumegonga nini, Mama Neema?" Filipo akamuuliza mkewe.

Walimulika kwa simu. Hapakuwa na ng'ombe wala damu. Yunisi hakulala. "Ni mimi niliyezichagua," alirudia.

Filipo akafunga zile za bei ghali. Walipopita tena pale usiku baada ya mvua, barabara ilikuwa nyeupe kwa mwanga wa taa, tupu kabisa. Kengele ikaja ikilia hadi mbele ya gari, ikanyamaza. Kwenye mwanga ule mkali tope likabonyea polepole: alama za kwato za ng'ombe, na kando yake nyayo za mtoto aliye peku.